Kidhibiti Kibovu cha Mchezo wa Video: Fundi Huanza kwa Kufikiri

Mashine za kwanza za michezo ya video zingali zikitunzwa na watu wengi majumbani. Mara nyingi kinachochakaa mapema ni kidhibiti, yaani kile kifaa cha mkononi anachobonyeza mchezaji. Kukitengeneza hakuhitaji karakana kubwa. Kunahitaji kuielewa sakiti kabla ya kushika bisibisi, kwani dalili moja yaweza kuwa na sababu mbalimbali. Hebu tulinganishe vidhibiti viwili.

Njia mbili za kupeleka habari

Mashine ya Atari iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1977 ilitumia kidhibiti chenye kifimbo na swichi tano: nne za pande na moja ya kufyatulia. Kila swichi ina waya wake, na zote huchangia waya mmoja wa sita. Kifimbo kikikataa upande wa kushoto tu, ubovu umo katika swichi ya kushoto au katika waya wake. Pande zote zikikataa pamoja na kitufe, tuushuku kwanza waya wa pamoja.

Kidhibiti cha NES ya kampuni ya Nintendo, kilichofika Marekani mwaka 1985, kina vitufe vinane lakini nyaya tano tu. Ndani yake mna chipu ya aina ya 4021, ambayo hupokea hali za vitufe vyote kwa mara moja, kisha huzitoa kwa zamu katika waya mmoja, kama wanafunzi watokao darasani kwa mstari. Hapa kitufe kimoja kikikataa peke yake, waya wa nje hauna hatia. Ubovu umo ndani, na mara nyingi umo chini ya kitufe hichohicho.

Kwa nini kitufe hudai nguvu?

Chini ya kitufe kuna mpira wenye kidonge cha kaboni. Kikibonyezwa, kaboni huunganisha njia mbili za ubao wa sakiti. Kabla ya hapo kikinzani huiweka njia ya chipu kwenye volti 5. Kaboni ikigusa, volti hushuka.

Tuchukulie kwamba kikinzani ni cha omu 10,000. Kaboni safi ya omu 500 itaacha volti 5 × 500 ÷ 10,500, yaani takriban 0.24. Uchafu na uchakavu ukipandisha ukinzani wa mgusano hadi omu 10,000, zitabaki volti 2.5. Chipu ya aina hii, ikitumia volti 5, ina hakika ya kutambua hali ya chini pale tu volti isipozidi 1.5. Kwa hiyo kitufe huonekana kimekufa. Mchezaji akikandamiza zaidi, eneo la mgusano huongezeka, ukinzani hupungua, na kitufe hufufuka.

Matengenezo

Chomoa kidhibiti katika mashine, fungua skrubu, na uangalie mpangilio wa ndani kabla ya kuondoa chochote. Safisha njia za ubao kwa pamba iliyoloweshwa spiriti kidogo, na upanguse kaboni taratibu. Usiikwangue kwa msasa, kwani tabaka lake ni jembamba. Pima ukinzani wake kwa mita. Ukiwa mkubwa mno, badilisha mpira.

Kwa waya, pima kila mmoja toka mwisho hadi mwisho huku ukiukunja. Aghalabu hukatika karibu na pale unapoingia katika kidhibiti, kwa sababu hapo hupindwa kila siku. Kata sehemu hiyo na ulehemu upya mahali penye hewa ya kutosha, kisha unawe mikono.

Mwalimu asiye na kidhibiti aweza kufundisha jambo hilohilo kwa betri, vikinzani viwili na mita. Wanafunzi wabadilishe kikinzani kimoja, wakokotoe volti, ndipo wapime. Atakayeona hesabu yake ikikubaliana na mita atakuwa ameshika kanuni ambayo hutafutia ubovu wa redio, tochi na swichi ya ukutani vilevile.