Baada ya Ombi la Hifadhi Kukataliwa: Haki Zako Mbele ya Jaji wa Uhamiaji

Barua isemayo kwamba ombi la hifadhi halikukubaliwa huwavunja moyo wengi. Hata hivyo, nchini Marekani barua hiyo aghalabu si mwisho. Iwapo ofisa wa idara ya USCIS hakuliridhia ombi, na mwombaji hana kibali kingine cha kukaa nchini, kwa kawaida shauri hupelekwa mahakama ya uhamiaji, naye hupewa hati ya kuitwa mahakamani. Tunamsihi aitunze hati hiyo: ndani yake mna namba ya jalada inayoanza kwa herufi A, ambayo kwayo atafuatilia shauri lake.

Jaji hafungwi na uamuzi wa ofisa. Hulisikiliza ombi upya, na aweza kupokea ushahidi na mashahidi wapya. Fomu I-589 iliyojazwa awali nayo hupelekwa mahakamani. Mwombaji aisome tena kwa makini. Kama kuna tarehe au jina lililokosewa, asahihishe mapema, kwani wakili wa serikali atalinganisha maandishi hayo na maneno yatakayosemwa chini ya kiapo. Mahakama hutoa mkalimani bila malipo. Anayejieleza vyema zaidi kwa Kibembe au Kirundi kuliko Kiswahili aseme hivyo tangu kikao cha kwanza. Nyaraka zisizo za Kiingereza sharti zitafsiriwe, na mfasiri athibitishe tafsiri yake kwa sahihi.

Mambo mawili huwapotezea watu haki hii. La kwanza ni kutofika. Asiyehudhuria, hata katika kikao kifupi cha mwanzo, aweza kuamriwa kuondolewa nchini bila kusikilizwa. Kwa hiyo, anayehama nyumba aiarifu mahakama ndani ya siku 5 kwa fomu EOIR-33. Kuiarifu USCIS pekee hakutoshi.

La pili ni kumkabidhi shauri mtu asiyestahili. Mwombaji ana haki ya kuwa na wakili, lakini si kwa gharama ya serikali. Na penye dhiki hawakosi walaghai. Katika Afrika ya Mashariki, mwenye muhuri wa viapo aghalabu ni wakili. Marekani, mwenye muhuri wa namna hiyo huenda akawa mshuhudia sahihi tu, asiye na ruhusa ya kushauri juu ya sheria. Wenye ruhusa ni wakili mwenye leseni, au mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria. Mahakama huwa na orodha ya watoao msaada wa sheria bila malipo.

Kabla ya kulipa, tunashauri yafuatayo:
- Dai kuona leseni au idhini, kisha uihakiki.
- Dai mkataba wa maandishi na risiti.
- Usitie sahihi fomu iliyo tupu.
- Usiache nyaraka zako za asili mikononi mwa mtu.
- Mwepuke anayeahidi ushindi.

Jaji akikataa, bado ipo Bodi ya Rufaa za Uhamiaji. Ukiulizwa kama unahifadhi haki ya kukata rufaa, usiiachilie kabla ya kuelewa. Na uulize siku hiyo hiyo tarehe ya mwisho, kwa kuwa muda wake ni mfupi.