Usichokonoe Jeti kwa Waya

Kuanzia Quionga hadi Mocímboa da Praia naulizwa swali lile lile: "Fundi, kabureta nimeifungua nimeisafisha, pikipiki inawaka, lakini nikiachia resi inazima. Nikaze skrubu ipi?"

Usikaze yoyote. Pikipiki iliyokaa sailensi (kunguruma bila resi) vizuri mwezi uliopita haikujizungusha skrubu usiku. Ukikaza ile ya sailensi unainua slaidi tu, injini inaanza kuvuta petroli ya jeti kubwa kupitia kwenye sindano. Itanguruma, utafurahi siku mbili, kisha utaona tenki linakauka upesi na ugonjwa uko pale pale.

Mimi huuliza: jeti ndogo, ile ya sailensi, uliizibua kwa kutumia nini? Karibu kila mara jibu ni uzi mmoja wa waya wa klachi. Wengine husema sindano ya kushonea au waya wa breki, na husema kwa fahari, maana ndivyo walivyofundishwa kijiweni. Hapo ndipo penye shida, na nataka tuimalize leo.

Jeti ni shaba, tena laini. Waya wa klachi ni chuma kigumu. Chuma na shaba vikisuguana, shaba ndiyo inayolika. Tundu lenyewe ni dogo mno: jeti ya Keihin yenye namba 38 ina tundu la takriban milimita 0.38. Waya ukilipanua hadi 0.45, jicho halioni tofauti, lakini eneo la tundu limeongezeka kwa asilimia 40. Petroli inazidi hewa, plagi inakuwa nyeusi, injini ikipata joto inakaba na kuzima. Huo ni ugonjwa mpya, na umeuleta wewe mwenyewe. Skrubu ya mchanganyiko itauficha kidogo tu. Shaba iliyolika hairudi.

Wanaotetea waya huniambia, "Lakini ilizibuka!" Ndiyo, katikati. Jeti ndogo nyingi zina matundu ubavuni, ambamo hewa huingia kuchanganyika na petroli kabla haijafika kooni mwa kabureta. Waya unaopita katikati hauyagusi hayo. Wala haugusi njia zilizochimbwa ndani ya mwili wa kabureta, wala vile vitundu viwili vitatu vilivyo chini ya ukingo wa slaidi. Unatoka umeharibu sehemu iliyokuwa nzima na kuacha uchafu ulipokuwa.

Na uchafu kwetu ni mwingi. Petroli tunanunua kwenye chupa kando ya barabara, imetoka kwenye pipa ambalo hujui lilikuwa na nini jana. Ina mchanga, mara nyingi ina maji, na maji pamoja na upepo wa bahari hutengeneza unga mweupe ndani ya bakuli la kabureta. Waliorudi Palma na Mocímboa da Praia baada ya kukimbia vita vya 2020 na 2021, wakakuta pikipiki bado ipo uani, wanaijua gundi ya kahawia inayobaki petroli ikikauka. Gundi hiyo inataka kuyeyushwa. Kuichokoa ni kuisukuma ndani zaidi.

Nasema kwa ukali kwa sababu pikipiki inayozima ukiachia resi kwenye mchanga mzito humwangusha aliyepakiwa, na huku kwetu aliyepakiwa anaweza kuwa mjamzito anayewahi hospitali.

Basi fanya hivi. Vua kila kipande cha mpira kwanza, kisha loweka jeti kwenye dawa ya kabureta usiku kucha. Ukilazimika kupitisha kitu, chukua mshipi wa nailoni wa wavuvi, wa milimita 0.30, hauli shaba. Ielekeze jeti kwenye jua: tundu liwe duara safi. Pulizia dawa kupitia tundu la skrubu ya mchanganyiko mpaka itoke kooni, halafu hewa ya kompresa ya fundi pancha. Jeti iliyokwisha kuchokonolewa itupe, nunua nyingine yenye namba ile ile iliyopigwa kichwani.

Ukishafunga na bado inazima, vuta choki. Ikitulia, petroli ni kidogo au hewa inaingia pembeni: mwagia maji ya sabuni kwenye maungio ya kabureta na injini, mlio ukibadilika umepata pa kuvuja. Ikizidi kukaba, petroli ni nyingi: kagua floti na sindano yake. Kagua pia ulivyofunga: skrubu ya mchanganyiko mara nyingi ina springi, washa na kimpira kidogo. Hicho kimpira ndicho mafundi wengi hukipoteza wakati wa kusafisha. Slaidi irudi na upande uliokatwa ukitazama chujio la hewa. Skrubu ya mchanganyiko ikiwa upande wa injini, kukaza kunapunguza petroli. Ikiwa upande wa chujio, kukaza kunaizidisha. Ikaze taratibu mpaka iguse, ifungue mzunguko mmoja na nusu, na marekebisho ya mwisho yafanye injini ikiwa imepata joto. Ikizima hata baada ya hayo yote, iache kabureta, pima tapeti: valvu iliyobanwa nayo huua sailensi.