Mbwa ahemaye kwa shida asitiwe mkono kinywani

Katika kata ya Chumbi, wilayani Rufiji, mkoani Pwani, mbwa kuhema ulimi nje wakati wa joto si jambo la kushtua, ndivyo ajipozavyo. Paka ni tofauti: akipumua kwa mdomo wazi hali ametulia, huyo ni mgonjwa.

Mnyama aliyelala huvuta pumzi takriban mara 15 hadi 30 kwa dakika. Zikizidi 40, au fizi zikigeuka za buluu, awahishwe kwa daktari wa mifugo, wala asinyweshwe maji kwa nguvu. Aliyezidiwa na joto awekwe kivulini, alowanishwe na kupepewa.

Wa kuogopwa zaidi ni mbwa anayeonekana kukwamwa na mfupa: taya limelegea, mate yanachuruzika, sauti imebadilika. Mwenye mbwa hushawishika kumpanua kinywa na kuutafuta mfupa ambao pengine haumo. Dalili hizo ni za kichaa cha mbwa pia, na virusi vyake huwamo katika mate. Watu wakae mbali naye, ofisa mifugo aitwe. Aliyeng'atwa, au mate yakamwingia jerahani, aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha awahi hospitali siku hiyo hiyo kupata chanjo. Dalili zikishamtokea binadamu, kupona ni nadra mno.