Mwalimu Afundishwavyo Ndivyo Afundishavyo

Mwezi Machi 1967, Mwalimu Julius Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, akakemea dhana kwamba maarifa yote yenye thamani hutoka vitabuni au kwa waliosoma. Kemeo hilo halijapitwa na wakati. Twalikumbuka tunapovitazama vyuo vikuu vya Nyanda za Juu Kusini.

Mjini Iringa, iliyokuwa Shule ya Sekondari ya Mkwawa iligeuzwa mwaka 2005 kuwa Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu, chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kazi yake kubwa ni kuandaa walimu, na hapo ndipo penye uzito. Mwanachuo aliyezoea kunakili maneno ya mhadhiri na kuyarudisha siku ya mtihani, akipangiwa Wete au Makunduchi atawafundisha watoto wetu vivyo hivyo. Aliyezoezwa kuhoji, kujadiliana na kufanya majaribio kwa mikono yake, naye atawazoeza wengine.

Mbeya nako kipo Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, kilichoanza mwaka 1986 kikiwa chuo cha ufundi na kupandishwa hadhi mwaka 2012. Chuo kilichozaliwa karakanani hakifai kuisahau karakana.

Mwaka 2021 uliidhinishwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 kwa ajili ya elimu ya juu nchini, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kikiwamo. Deni hilo ni letu sote. Majengo na mitambo ni neema, lakini ukumbi mpya wenye ufundishaji wa zamani ni hasara.

Wapo watakaosema kuwa wanachuo ni wengi na wahadhiri wachache. Ni kweli. Hata hivyo, kuwagawa wanachuo katika mafungu madogo na kuwapa tatizo halisi la mkulima wa mahindi walitatue, hakudai jumba jipya. Kunadai muda, na mhadhiri aliyeandaliwa. Wengi wamebobea katika fani zao bila kusomea kufundisha.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, kila mhadhiri mpya apate mafunzo ya ualimu kabla ya kukabidhiwa darasa. Pili, katika kupandishwa cheo, ufundishaji bora upewe uzito sawa na maandiko ya utafiti.

Elimu ya juu ni jambo la Muungano. Wahusika wa pande zote mbili hawana budi kulisimamia hili, maana mbegu ipandwayo Iringa huvunwa hata Pemba.