Tunu Alipobadilika

Ukipita jioni katika mitaa ya Kilwa Masoko siku hizi utasikia muziki wa tamthilia za Kihindi ukitoka madirishani. Akina mama wameketi mkekani, mmoja anachambua mchele wa kesho, mwingine ananyonyesha, na macho yote yako kwenye runinga. Juzi tulikuwa kwa jirani yetu, na ukazuka ubishi mkali. Mchezaji mmoja, ambaye wote walimjua kama bibi harusi mpole, sasa amekuwa mama mkwe, tena mkali.

"Yule si ndiye aliyekuwa akilia kila siku?" akauliza mmoja.

"Ndiye. Sasa ni zamu yake kuwaliza wenzake!"

Tulicheka sote. Lakini wakati wa kurudi nyumbani tulimkumbuka mwanamke mwingine wa maigizo aliyebadilika, ambaye hatukuwahi kuuona uso wake. Huyo ni Tunu.

Wasomaji wetu waliokwisha kulea watoto watamkumbuka. Mwezi Julai mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa redio ulioitwa Twende na Wakati, mara mbili kwa juma, nusu saa kila mara. Katika mchezo huo alikuwemo dereva wa lori aitwaye Mkwaju, mlevi, mwenye wanawake kila kituo alicholala. Tunu alikuwa mkewe. Wakati huo sisi tulikuwa wasichana wadogo mkoani Lindi. Redio ilikuwa ya baba, na betri zikichoka tulizianika juani juu ya bati ili zituvushe walau kipindi kimoja. Jirani asiye na redio alikuja na kigoda chake.

Kwa watu wa pwani yetu Mkwaju hakuwa hadithi. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, safari ya Dar es Salaam ilikuwa lazima ivuke Mto Rufiji kwa pantoni pale Ndundu. Mvua zikinyesha, malori yalilala foleni siku nyingi, na mengine yalizama kwenye tope kabla hata ya kuuona mto. Kila mahali malori yanapolala huota mji: mama ntilie, pombe, vyumba vya kulala, na wasichana wasio na nauli ya kurudi kwao. Nangurukuru, pale njia panda ya kwenda Masoko, palikuwa hivyo. Kwa hiyo Mkwaju alipocheka redioni, akina mama kadhaa pale barazani kwetu waliinamisha macho. Waume zao walikuwa madereva au utingo.

Mwanzoni Tunu alikuwa mke wa kunyamaza. Aliumia, akapika, akasubiri. Kisha, kidogo kidogo, akaanza kuuliza maswali. Akaanza biashara yake ndogo. Mwishowe akamwacha Mkwaju, ambaye baadaye aliugua UKIMWI. Mabadiliko hayo hayakuja kwa siku moja, na nadhani ndiyo maana tuliyaamini. Mwanamke anayeamka asubuhi moja akiwa jasiri hatumjui, hatujawahi kumwona hapa kwetu.

Mama yetu mzazi hakufurahi hata kidogo. "Mke haiachi nyumba yake," alisema, akamzimia Tunu redio. (Baba alimwasha tena.) Kwa muda wa juma zima mama na jirani yake walibishana kisimani, kana kwamba Tunu ni binti wa mtaa wa pili.

Miaka mingi baadaye, tukiwa wauguzi, ndipo tulipojifunza kwamba Tunu alikuwa na dada wa mbali huko India. Mwaka 1984 televisheni ya taifa ya India, Doordarshan, ilianza kuonyesha tamthilia iitwayo Hum Log, maana yake "Sisi Watu". Ilikuwa na sehemu 156 na iliisha Desemba 1985. Waliotunga walifuata njia ya Miguel Sabido wa Mexico, ambaye tangu miaka ya 1970 alikuwa akitumia tamthilia kufundisha watu kusoma na kupanga uzazi. Njia yake ni rahisi kuieleza. Wapo watu wema, wapo wabaya, na wapo wa katikati wanaoyumba, wanaokosea, kisha wanajifunza. Msikilizaji hujiona katika hao wa katikati. Njia hiyo hiyo ndiyo iliyotumika kumwumba Tunu.

Hum Log ilianza vibaya. Sehemu za kwanza zilijaa mahubiri ya uzazi wa mpango na watazamaji wakachoka, ikabidi watungaji wapunguze mafundisho na kuongeza maisha. (Sisi tunaotoa elimu ya afya kwenye madawati ya kliniki tungefanya vyema kulikumbuka hilo!) Lakini jambo lililotugusa zaidi ni la mama wa familia ile, Bhagwanti. Mumewe alikuwa mlevi. Bhagwanti alinyamaza, akavumilia, akatukanwa, akavumilia tena. Watungaji walimweka ili watazamaji waseme, "Sitaki kuwa kama yeye." Wengi wakasema kinyume chake. Wanawake wengi walimpenda, wakamwona ndiye mfano wa mke mwema.

Tulipolisoma hilo tulimwona mama yetu akizima redio.

Wala tusiwacheke wanawake wa India. Katika vikundi vyetu vya akina mama kanisani, ni nani anayesifiwa wakati wa mazishi? "Marehemu alikuwa mvumilivu." Hatusemi alivumilia nini. Uvumilivu ni tunda jema, hatulikatai. Lakini sisi tunaovaa sare nyeupe tumeona uvumilivu mwingine ukiletwa wodini juu ya kitanda cha kamba.

Turuhusu tueleze habari ya mama mmoja, kwa ruhusa yake, tukiwa tumeficha mambo ambayo yangemtambulisha. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya kazi yetu, wakati kupima VVU katika kliniki ya wajawazito kulikuwa bado jambo geni. Alikuwa na mimba ya mtoto wa tatu. Mumewe alisafiri na malori. Tulimpa ushauri nasaha, akasikiliza, kisha akasema taratibu, "Dada nesi, unanitaka niwe Tunu. Tunu alikuwa wa redioni. Mimi nikitoka kwangu nitakwenda wapi?"

Hatukuwa na jibu. Kwa kweli lilikuwa swali la haki, na wale wanaomwambia mwanamke "mwache tu" mara nyingi hawajui bei ya kilo ya unga. Tulimwambia jambo moja tu, kwamba hatumtaki aache mtu leo. Tunataka ajue hali yake kwa ajili ya mtoto aliye tumboni. Akaondoka. Tulidhani hatarudi.

Alirudi baada ya majuma mawili, peke yake, akapima. Majibu yake ni yake, hatutayaandika hapa. Tutakachosema ni kwamba hakumwacha mumewe. Alikwenda kwa mjomba wa mumewe, mzee anayeheshimiwa, akamweleza bila kupaza sauti kwamba hatalala chumba kimoja na mume wake mpaka naye apime. Mzee alikasirika, kwanza kwa kuambiwa mambo ya chumbani na mwanamke, kisha akatulia. Baada ya miezi mitatu mume akaja kliniki, kofia ameivuta mpaka machoni, akaketi kwenye dawati la wajawazito kama mtoto aliyefukuzwa shule.

Kwa hiyo sisi hatuamini kwamba mchezo wa redio humfanya mtu aige kila kitu. Watafiti waliufuatilia Twende na Wakati kwa makini. Hadi mwaka 1995 kituo cha Dodoma hakikuurusha, ili wapate kulinganisha, na waliona kwamba uzazi wa mpango na tahadhari juu ya UKIMWI viliongezeka zaidi kule ulikosikika. Lakini mama yule hakumwiga Tunu. Alibishana naye moyoni kwa miaka kumi na zaidi, kisha akafanya la kwake.

Jambo moja limebaki, nalo linatusumbua kazini hata leo. Hadithi ya Mkwaju ilitungwa wakati ugonjwa huu haukuwa na dawa hapa kwetu. Dawa za kufubaza makali ya VVU zilianza kutolewa bure katika hospitali za serikali mwaka 2004. Leo mjamzito anayekutwa na virusi huanza dawa mara moja, na akizimeza kila siku bila kuruka, mtoto wake ana nafasi kubwa sana ya kuzaliwa na kunyonya akiwa salama. Lakini wapo watu wa umri wetu ambao masikioni mwao Mkwaju bado anakufa. Wanaogopa kupima kwa sababu ya mwisho waliousikia redioni wakiwa watoto. Laiti ingetungwa sehemu nyingine, Mkwaju ameze dawa zake, anenepe, na Tunu aamue upya kama anamtaka au hamtaki!

Naye mama yetu? Amezeeka sasa, haoni vizuri, ila tamthilia za Kihindi anazisikiliza kama zamani alivyosikiliza redio. Wajukuu humweleza nani kaingia na nani katoka. Mke wa kwenye tamthilia akinyamaza mno, yeye hugonga fimbo sakafuni na kusema, "Mjinga huyu, aseme!" Tukimkumbusha Tunu anadai kwamba hajawahi kumpinga.

Na yule mama wa kliniki alikuja tena mwaka jana. Safari hii hakuwa mjamzito yeye, ni mke wa mwanawe wa kwanza. Walikuwa watatu mlangoni, na kijana alikuwa akirudi nyuma nyuma kuelekea kwenye mwembe, simu mkononi. Mama akamshika mkono wa shati.

"Unakwenda wapi? Mtaingia wote wawili. Mimi nitawasubiri hapa nje na kanga yangu."

Akatandika kanga chini ya mwembe, akaketi.