Lango la Thimlich: mawe yaliyosimama bila chokaa

Mtajie mtu wa Pwani jengo la kale la mawe, atakutajia Gede, Fort Jesus au mitaa ya Lamu. Bara, kwa fikra za wengi wetu, ni udongo na nyasi. Basi twendeni Nyanza kidogo. Asumbi wengi mnaisikia kwa shule zake na misheni ya Wakatoliki. Ukitoka huko ukashuka upande wa Migori, utafika Thimlich Ohinga, boma la mawe linaloaminika kujengwa karne ya 16. UNESCO iliitia katika Urithi wa Dunia mwaka 2018, miaka 17 baada ya Mji wa Kale wa Lamu.

Kuta zake zina urefu wa kuanzia mita 1.5 hadi 4.5, na unene wa mita 1 hadi 3. Hakuna chokaa wala udongo wa kushikiza, na mawe hayakuchongwa. Mafundi walipanga uso wa nje na uso wa ndani, kisha wakajaza mawe madogo katikati ili pande mbili zishikamane. Uzito wenyewe ndio gundi.

Sasa fikirieni lango. Ukuta wa namna hii ukiutoboa umeudhoofisha, maana mawe ya juu yanakosa pa kukalia. Wao wakalaza mawe marefu juu ya uwazi, na jiwe lisiloshikizwa na kitu haliwezi kuvuka nafasi kubwa. Kwa hiyo mlango ukawa mwembamba na mfupi. Sisi tunalijua jambo hili: vyumba vya nyumba zetu za kale ni vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko ina urefu wake, hata uwe tajiri vipi.

Lakini udhaifu huo waliugeuza silaha. Anayeingia lazima ainame, tena mmoja mmoja, kichwa kikitangulia. Ndani, kando ya mlango, palikuwa na mahali pa walinzi. Adui aliyeinama hawezi kuinua mkuki. Ng'ombe nao, waliokuwa ndiyo mali, hawangeweza kuswagwa nje kwa haraka usiku.

Hapo ndipo tunapoachana nao. Mlango wa Lamu una daka na mabaraza ya mgeni kukaa, na nakshi za kumwonyesha mwenye nyumba ni nani. Lango la Thimlich linamuuliza mgeni anataka nini. Wa karibu nao zaidi kwetu ni Wamijikenda, waliojificha ndani ya makaya yenye msitu mzito na njia chache za kuingilia. Na jina Thimlich lenyewe, kwa Kijaluo, ni msitu mnene wa kutisha.

Watu wa mwisho walihama humo karne iliyopita. Tangu hapo adui ni mizizi, miti inayoangukia kuta, na mifugo inayopanda juu yake. Jiwe moja la lango likiteleza, yaliyo juu yake hufuata. Kishawishi ni kuleta saruji. Tumeona kwetu saruji inavyofungia unyevu ndani ya kuta za matumbawe hadi zikamomonyoka. Thimlich itafanya madhara ya namna nyingine: ukuta uliozoea kupitisha maji na kujisogeza kidogo utafanywa mgumu kipande kimoja, na utapasuka pembeni yake. Anayehitajika pale ni fundi ajuaye kulichagua jiwe kwa jicho na kulilaza, na fundi huyo alipwe kama fundi, si kama kibarua.