Asingekufa au Asingalikufa? Kufundisha Masharti kwa Hadithi ya Safari ya Wakati

Miongoni mwa mada za sarufi zinazowasumbua wanafunzi wetu, viambishi vya masharti viko mstari wa mbele. Maelezo ya vitabu vingi ni mafupi: -ki- ni kwa sharti linaloweza kutimia, -nge- ni kwa jambo ambalo halipo lakini mlango wake haujafungwa, na -ngali- ni kwa jambo lililokwisha kupita na haliwezi kubadilika tena. Ashton alizitenganisha -nge- na -ngali- kwa msingi wa wakati katika sarufi yake ya mwaka 1944, na walimu wengi wameendelea hivyo. Mwanafunzi naye hukariri kwamba -nge- ni "sasa" na -ngali- ni "zamani", bila kuuliza swali moja la msingi: sasa ya nani?

Swali hilo ni gumu kulieleza kwa mifano ya kawaida ya aina ya "ningekuwa na pesa ningenunua gari". Ni rahisi zaidi kulieleza kwa hadithi ambayo wahusika wake wanahama kutoka wakati mmoja kwenda mwingine. Makala haya yanapendekeza kipindi kimoja cha Star Trek, mfululizo wa kubuni wa kisayansi wa televisheni ya Marekani, kiitwacho "The City on the Edge of Forever", yaani Mji Ulio Ukingoni mwa Milele. Kilionyeshwa mara ya kwanza tarehe 6 Aprili 1967. Mwandishi wake aliyetajwa ni Harlan Ellison, ingawa mswada wake ulifanyiwa marekebisho makubwa na wengine, jambo ambalo hakulifurahia. Mwaka 1968 kipindi hicho kilipata tuzo ya Hugo.

Hadithi yenyewe ni hii. Chombo cha angani Enterprise kinazunguka sayari ambayo wakati wake umevurugika. Chombo kinatikisika, na Daktari McCoy anajichoma kwa bahati mbaya sindano ya dawa kupita kiasi. Anapandwa na wazimu, anakimbilia kwenye sayari ile, na kuruka ndani ya lango la ajabu, lenye umbo la pete kubwa na linalosema kama mtu, ambalo humpeleka mtu katika nyakati zilizopita. Papo hapo Enterprise inatoweka. Daktari amebadilisha jambo fulani huko nyuma, na historia iliyozaa chombo kile haipo tena. Nahodha Kirk na msaidizi wake Spock wanaruka nao, wakakusudia kufika kabla yake. Wanajikuta New York mwaka 1930, wakati wa Mdororo Mkuu wa Uchumi, wakifanya kazi ya usafi kwa senti 15 kwa saa katika nyumba inayowapa maskini supu na kahawa. Mwenye nyumba hiyo ni Edith Keeler, na Kirk anampenda.

Hapa tayari mwalimu ana kazi. Wanapomsubiri McCoy, sentensi sahihi ni: "Daktari ameruka lakini hajafika." Aliruka kabla yao, na atafika baada yao. Mwanafunzi akiweza kueleza kwa nini -me- na -ja- zinakaa pamoja bila kugongana, ameelewa zaidi ya jedwali la nyakati.

Spock anaunda mtambo kwa vifaa vya redio vya wakati ule ili asome kumbukumbu za historia alizozinasa kwenye lile lango. Anakuta historia mbili. Katika moja kuna taarifa ya gazeti ya mwaka 1930 kwamba Edith amekufa katika ajali ya barabarani. Katika nyingine, ya mwaka 1936, Edith yu hai na amekutana na Rais. Mtambo unaungua kabla hajajua ni ipi iliyo ya kweli. Kwa muda huo lugha inayomfaa ni ya -ki- peke yake:

(1) Daktari akimwokoa Edith, historia itabadilika.
(2) Daktari akimuua Edith, historia itabadilika.

Yote mawili yanawezekana, na hakuna ajuaye ni lipi. Baadaye mtambo unatengenezwa na jibu linapatikana. Katika historia iliyoharibika, Edith aliongoza vuguvugu la amani lililoichelewesha Marekani kuingia katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Ujerumani ikapata nafasi ya kutengeneza bomu la atomiki kwanza, ikashinda. Ukatili wa hadithi hii ni kwamba Edith hana kosa. Alitaka amani, na alikuwa na haki ya kuitaka.

Sasa tazama masharti yanavyogawanyika kufuatana na mahali alipo msemaji. Kirk yuko New York, na Edith yuko hai karibu naye:

(3) Edith asingekufa, Ujerumani ingeshinda.

Kwa Spock, anayesoma kumbukumbu kama mwanahistoria wa karne nyingine, tukio ni lile lile na mtu ni yule yule:

(4) Edith asingalikufa, Ujerumani ingalishinda.

Hakuna iliyo kosa. Katika (3) mlango bado u wazi, na ndiyo sababu Kirk anateseka. Katika (4) umefungwa zamani. Ningependa mwanafunzi aone kwamba msiba wa Kirk uko katika kiambishi: anapaswa kuishi ndani ya -nge- huku akijua kwamba kwa wenzake ni -ngali-. Hatimaye Edith anavuka barabara, gari linakuja, McCoy anataka kumwokoa, na Kirk anamshika daktari asisogee.

Ipo hoja nyingine yenye uzito darasani, kwa kuwa inahusu alama za mtihani. Tunafundisha kwamba kiambishi kimoja kitumike katika vishazi vyote viwili, na anayechanganya hukatwa. Lakini wale waliobaki kwenye sayari, baada ya chombo kutoweka, wangesemaje?

(5) Daktari asingaliruka, Enterprise ingekuwapo sasa.

Sharti limepita, matokeo yake ni ya sasa. Kwa maoni yangu sentensi hii haistahili kukatwa alama, na mwanafunzi anayeiandika kwa kujua amefikiri kuliko anayelinganisha viambishi kwa mazoea. Ni tofauti na kuchanganya -ngali- na -ngeli-, ambako ni uzembe tu. Ni kweli pia kwamba katika mazungumzo wasemaji wengi hutumia -nge- kila mahali na kuuachia muktadha kazi iliyobaki. Hilo nalo lisemwe darasani waziwazi.

Kwa wanafunzi wa hapa Uganda wanaozungumza Luganda, sharti lisilotimia si jambo geni. Wanalo neno singa mwanzoni, na -andi- ndani ya kitenzi cha matokeo. Kigeni kwao ni ule utaratibu wa Kiswahili wa kuweka alama pande zote mbili, na ndipo makosa mengi yanapotokea.

Zoezi linaweza kuanzia kwa Uhura, afisa wa mawasiliano, aliyeigizwa na Nichelle Nichols. Jina lake limetokana na neno letu uhuru, na katika kipindi kingine cha mwaka huo huo wa 1967, "The Changeling", anasikika akisema Kiswahili. Katika kipindi hiki yeye ndiye anayegundua, akiwa kwenye sayari, kwamba chombo hakiitikii tena. Wanafunzi waandike taarifa yake kwa Kiswahili mara mbili, aya moja kila mara: kwanza Kirk na Spock wakiwa hawajaondoka, kisha baada ya kurudi bila Edith. Viambishi vya masharti vya aya ya kwanza vipigiwe mstari, na mwanafunzi aeleze vipi kati ya hivyo vimebadilika katika aya ya pili, na kwa nini.